Kufuatilia uvimbe wa ubongo kwa MRI baada ya tibakinga: mwongozo kwa wanaouguza Mtwara na Lindi

"Daktari, karatasi inasema uvimbe umekua. Ndiyo kusema dawa imeshindwa?"

Mimi si daktari, ni mteknolojia wa mionzi, ila huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Swali hili nimeulizwa mara nyingi, karibu kwa maneno yale yale. Anayeuliza ametoka Newala au Nachingwea, amelala kwa shemeji, kwapani ana bahasha kubwa ya kahawia iliyochakaa pembe. Nampa kiti, tunaitoa picha pamoja, na mara nyingi naona kwamba tatizo halikuanzia kwenye uvimbe. Limeanzia kwenye maandalizi: picha ya zamani imeachwa nyumbani, fomu haisemi mgonjwa yuko kwenye dawa gani, na kipimo kilichofanyika sicho kinachoweza kujibu swali lake.

Kwa hiyo nimeandika hatua zote hapa. Ni za wewe unayemuuguza mzazi, mwenza au ndugu mwenye uvimbe wa ubongo, uwe ulioanzia ubongoni au uliosafiri kutoka kwenye mapafu au ngozi, ambaye amepewa tibakinga, yaani dawa kama pembrolizumab, nivolumab au ipilimumab. Maamuzi ya tiba ni ya daktari bingwa wa saratani. Kazi yako ni kuhakikisha anapata picha inayosomeka na habari iliyokamilika.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Tibakinga haiuui uvimbe kwa mkono wake. Huwafungulia askari wa mwili waliokuwa wamefungwa, nao ndio wanaoingia kwenye uvimbe kupigana. Wakiingia, mahali pale huvimba, maji hujaa pembeni, na kwenye picha sehemu hiyo hung'aa kuliko mwanzo, kama jipu linavyotuna na kuwa jekundu siku chache kabla halijaiva. Picha ya kawaida haiwezi kutofautisha mapigano hayo na saratani inayokua kweli. Wataalamu huuita ukuaji bandia. Vipimo vya ziada vya MRI nitakavyovieleza vipo kwa ajili ya kutofautisha mambo hayo mawili, na hata vyenyewe huhitaji kulinganishwa na picha za nyuma.

Na niseme ukweli mwingine mapema. Dawa hizi zimeonyesha matokeo mazuri zaidi kwa uvimbe uliotoka kwenye melanoma, aina ya saratani ya ngozi, au saratani ya mapafu. Kwa glioblastoma, uvimbe mkali unaoanzia ubongoni, utafiti mkubwa uliolinganisha nivolumab na bevacizumab, dawa nyingine ya saratani, kwa wagonjwa ambao uvimbe ulikuwa umerudi haukuonyesha kwamba nivolumab iliwaongezea maisha. Mwulize daktari mgonjwa wako yuko upande gani, maana matarajio hayafanani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- CD za picha zote za nyuma. Iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya kabla ya dozi ya kwanza ya tibakinga.
- Karatasi za majibu, hata kama huzielewi.
- Daftari dogo la dawa: jina la dawa ya kinga, tarehe ya kila dozi, tarehe za mionzi kama alipigwa, na deksamethasoni (deksa), dawa ya kukausha maji yanayojaa ubongoni, anayomeza miligramu ngapi kwa siku.
- Majibu ya karibuni ya kreatinini, yaani kipimo cha figo.
- Orodha ya vyuma mwilini: betri ya moyo, klipu za upasuaji wa ubongo, vyuma vya mifupa, vipande vilivyoingia kwa ajali.
- Namba ya simu ya daktari anayemtibu, na mtu wa pili wa kusaidia njiani.

Daftari la kawaida la shule linatosha. Liandikwe kwa kalamu, likae na mgonjwa, lisikae kwenye simu ya kijana ambaye kesho yuko minadani Tandahimba.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha picha ya msingi ipo. Hii ni MRI ya kabla ya kuanza tibakinga. Kama alifanyiwa upasuaji, uliza pia kama kuna MRI iliyopigwa ndani ya siku mbili tatu baada ya operesheni, kwa sababu baada ya hapo kidonda chenyewe huanza kung'aa na kuchanganya msomaji. Picha ya siti skani haiwezi kuchukua nafasi hiyo. Ni nzuri kwa damu iliyovuja ghafla, si kwa kazi hii.

2. Panga tarehe na mahali. Ratiba ya kawaida ni MRI kila baada ya wiki 8 hadi 12, daktari ndiye anayeamua. Piga simu kabla ya safari, iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, iwe ni Muhimbili au kwingine Dar es Salaam. Uliza maswali matatu: mashine iko kazini wiki hii? Mnapima pafyusheni? Kontrasti ipo au tununue? Kuuliza "mna MRI?" pekee hakutoshi. Pafyusheni ni kipimo cha MRI kinachoonyesha damu inayopita kwenye uvimbe, na kontrasti ni dawa ya mshipani inayong'arisha picha.

Ukishapata mahali panapofaa, baki hapo. Picha za mashine moja, kwa mpangilio mmoja, hulinganishwa vizuri. Leo ukipiga kwenye mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), miezi miwili baadaye kwenye ya Tesla 3, kuna tofauti zitakazoonekana ambazo hazihusiani na ugonjwa.

Angalia pia kalenda yetu. Kuanzia Oktoba hadi Desemba ni korosho, pesa ipo lakini watu hawapo. Masika yana balaa lake: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na magari yakakwama. Kama kipimo ni Dar na kinaangukia Aprili au Mei, tangulia siku mbili.

3. Soma fomu kabla hujaondoka kwa daktari. Hapa ndipo panapoharibika mara nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Fomu nyingi zinazonifikia zimeandikwa hivi:

"MRI ya kichwa. Uvimbe."

Kwa fomu hiyo nitapiga picha za kawaida, na daktari wa radiolojia ataandika anachokiona: uvimbe umeongezeka. Hajui kuna tibakinga. Hajui kuna deksa. Sasa tazama hii:

"Mwanaume, miaka 52. Melanoma ya unyayo wa kushoto, imeenea kwenye ubongo. Alianza ipilimumab na nivolumab wiki 11 zilizopita, dozi 4. Mionzi ya ubongo hakupata. Deksa miligramu 4 kwa siku, haijabadilika kwa wiki 2. Dalili hazijaongezeka. Swali: ni ukuaji wa kweli au ukuaji bandia? Naomba picha kabla na baada ya kontrasti, difyusheni na pafyusheni. Picha ya msingi imeambatanishwa."

Mistari michache tu, na msomaji wa picha ameshajua anatafuta nini. Difyusheni nitaieleza kwenye hatua ya 7. Nimetaja unyayo kwa makusudi: kwa watu weusi melanoma hupenda sana kutokea nyayoni, na wengi huidhania kuwa kidonda cha kujikwaa.

Mwambie daktari kwa adabu, "Naomba utuandikie na dawa anazotumia na swali tunalotaka lijibiwe." Sijamwona daktari aliyekasirishwa na ombi hilo. Foleni ni ndefu, mambo husahaulika.

4. Pima figo. Kontrasti tunayotumia ina gadoliniamu, na hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Figo zikiwa zimechoka sana, aina fulani za kontrasti zinaweza kuleta madhara makubwa ya ngozi na viungo, ndiyo maana tunaomba kreatinini. Mwanamke mjamzito aseme mapema. Anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha.

5. Siku ya kipimo, mvue kila chuma. MRI ni sumaku, na sumaku haizimwi mgonjwa anapobadilishwa. Pete, saa, simu, kadi za benki, mkanda, sidiria yenye waya, pini za hijabu, meno ya bandia, nywele za kushonea zenye vibanio. Hirizi nazo: nyingi zina kopo la bati au waya ndani ya kitambaa. Namwambia mzee, "Hirizi yako nitaishika mwenyewe, utatoka utaikuta mkononi mwangu," na huwa anakubali. Wanja uoshwe, una madini yanayoharibu picha karibu na macho.

Sisi wa pwani kuna swali la ziada. Kama mgonjwa aliwahi kuvua kwa baruti, au alifanya kazi ya kuchomelea na kukata vyuma, aseme. Hakuna atakayempeleka polisi. Kipande kidogo cha chuma ndani ya jicho kinaweza kusogea sumaku ikikivuta, na jicho likapotea. Ukituambia mapema, tunapiga eksirei ya macho kwanza, dakika chache tu.

Chakula ale kama kawaida, isipokuwa ameambiwa atapewa dawa ya usingizi. Dawa za kifafa asiruke hata dozi moja. Anywe maji asubuhi, kwa sababu ya hatua inayofuata. Kama ni Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kula. Mkumbushe hilo mapema ili asijitese.

6. Andaa mshipa. Pafyusheni hufanyika kwa kusukuma kontrasti kwa kasi, mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, wakati mashine ikipiga picha mfululizo. Kanula nyembamba ya watoto haiwezi kazi hiyo. Mgonjwa aliyekwisha pitia dripu nyingi mishipa yake hujificha, kwa hiyo mfunike mkono kwa kanga au blanketi upate joto, aukunje na kuukunjua, na amwonyeshe muuguzi mshipa ambao huwa haukatai. Wagonjwa wanaujua mshipa wao mzuri kuliko sisi.

7. Alale bila kutikisika. Dakika 30 hadi 60. Kuna kelele kama fundi anayegonga bati, tunampa vizibo vya masikio. Mkononi atakuwa na kitufe cha kuita. Akitaka kukohoa, angojee kelele zinyamaze kati ya picha na picha.

Akiwa ndani tunapiga haya. Picha za kawaida, kabla na baada ya kontrasti, zinaonyesha uvimbe uko wapi na unang'aa kiasi gani. Difyusheni inaonyesha maji yanavyotembea kati ya chembe: chembe zikibanana kama dagaa kwenye tenga, maji hayapiti. Pafyusheni inaonyesha damu inayopita pale. Saratani hai hujijengea mishipa mingi ya damu, wakati kidonda cha tiba mara nyingi huwa na damu kidogo. Mashine nyingine zina spektroskopia, inayopima kemikali za ubongo: kolini ikipanda na NAA, kemikali ya chembe za neva zenye afya, ikishuka, tunashuku saratani; mafuta na laktati vikitawala, tunafikiria nyama iliyokufa.

8. Chukua CD kabla ya kuondoka. Usikubali filamu peke yake. Filamu ni vipande vichache vilivyochaguliwa, na ramani za pafyusheni mara nyingi hazimo. Andika jina na tarehe juu ya CD kwa kalamu ya wino mzito, iweke kwenye mfuko wa nailoni, kisha ndani ya bahasha. Unyevu wa pwani yetu hauna huruma.

9. Soma majibu pamoja na daktari, kwa maswali haya manne.

Imelinganishwa na picha ipi, ya tarehe gani? Kama majibu hayataji picha ya nyuma, rudisha CD ya zamani na uombe ilinganishwe. Ni haki yako.

Imekua kwa kiasi gani? Kwa uvimbe ulioanzia ubongoni, wataalamu huzidisha urefu na upana wa sehemu inayong'aa, na ongezeko la asilimia 25 ndilo linalohesabiwa kuwa ukuaji. Kwa uliotoka kwingine hujumlisha urefu wa madoa, na mpaka ni asilimia 20. Milimita moja mbili zinaweza kutokana na namna kichwa kilivyolala.

Pafyusheni na difyusheni zinasemaje? Damu nyingi na chembe zilizobanana huelekeza kwenye saratani. Damu kidogo huelekeza kwenye athari ya tiba. Naandika "huelekeza" kwa sababu askari wa mwili nao wanaweza kubanana, na uvimbe mkali wa mapigano unaweza kuongeza damu.

Mgonjwa mwenyewe anaendeleaje? Anatembea, anaongea, anakula? Mwaka 2015 wataalamu wa kimataifa walitoa utaratibu uitwao iRANO: picha ikionyesha ukuaji ndani ya miezi 6 tangu tibakinga ianze, na mgonjwa hajazidiwa, tiba inaweza kuendelea na picha ikarudiwa baada ya miezi 3 ili kuthibitisha. Akiwa amezidiwa, au miezi 6 imepita, hesabu hubadilika. Wewe unayeishi naye ndiye unayejua kama jana alishindwa kufunga vifungo vya shati. Yaandike hayo kwenye daftari na uyaseme.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuficha au kusahau deksa ndilo kubwa. Deksa hukausha maji yaliyojaa pembeni na kupunguza mng'ao, hivyo picha inaweza kupendeza huku saratani iko palepale. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpokea mama mmoja, picha yake ilikuwa nzuri mno, watoto wake wakashangilia ukumbini. Sikuuliza. Kumbe siku nne nyuma deksa ilikuwa imeongezwa mara mbili, fomu haikuandika, na mimi sikufungua mdomo. Ilipopunguzwa, dalili zote zilirudi, na familia ile iliumia mara mbili. Tangu siku hiyo naiuliza deksa kabla hata ya jina la baba. Inafaa kiwango kisibadilike kwa siku kadhaa kabla ya picha, kama hali inaruhusu. Lakini usiikatishe ghafla kwa uamuzi wako. Aliyeitumia kwa muda akiiacha ghafla anaweza kuanguka.

Kosa la pili ni kuacha tibakinga kwa sababu ya neno "umeongezeka" kwenye karatasi, kabla daktari hajaona picha. La tatu ni kupiga picha ya filamu kwa simu dirishani na kuituma WhatsApp kwa ndugu aliye India ili "aonyeshe madaktari wa huko". Hakuna anayeweza kupima chochote hapo. Tuma nakala ya CD.

Mambo yakikwama

*Pafyusheni haipo au kontrasti imeisha.* Uliza kama mashine ina pafyusheni isiyotumia kontrasti, iitwayo ASL. Nayo ikikosekana, difyusheni pamoja na kulinganisha picha za tarehe mbili bado ni msaada mkubwa. Kinachobadilika ni kwamba daktari anaweza kutaka picha inayofuata mapema zaidi.

*Majibu yanasema pafyusheni haisomeki.* Damu iliyovuja, vyuma vya upasuaji, au uvimbe ulio karibu na mifupa ya chini ya fuvu huiharibu. Melanoma hupenda kuvuja damu, tena huweza kung'aa hata kabla ya kontrasti, ndiyo maana picha ya kabla ya kontrasti haitakiwi kurukwa.

*Mgonjwa anaogopa lile shimo.* Mfumbe macho kwa kitambaa kabla hajaingia, asifumbue hadi atoke. Ndugu asiye na chuma anaweza kuruhusiwa kumshika mguu. Ikishindikana, kuna dawa ya kutuliza, na hapo ndipo kufunga kula kunapohusika.

*CD haifunguki.* Ijaribu kwenye kompyuta ya hospitali ile ile kabla hujatoka getini. Ukiwa umeshafika Masasi, ni nauli nyingine.

*Majina hayafanani.* Picha ya kwanza imeandikwa Mohamedi Issa, ya pili Mohammed Isa, ya tatu jina la babu. Mfumo unawaona watu watatu. Chagua tahajia ya kadi ya NIDA na uisimamie kila dirisha.

*Tarehe imepita, barabara imekatika au pesa imekwama.* Piga simu siku hiyo hiyo, omba tarehe mpya, na uandike kwenye daftari kwa nini mlichelewa. Picha iliyochelewa wiki mbili ni bora kuliko kuruka hadi miezi 6.

*Doa jipya limeonekana.* Huenda ni saratani, lakini huku kwetu kifua kikuu na vimelea vya toksoplasma navyo hutengeneza madoa yenye pete ubongoni, hasa kinga ikiwa imeshushwa na deksa au VVU. Uliza kama vimefikiriwa na kupimwa.

*Homa na degedege.* Malaria ipimwe mara moja, lakini majibu yake yasiwe mwisho wa uchunguzi. Wakati wa degedege mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko mdomoni.

Usingojee tarehe ya MRI ukiona haya: kupoteza fahamu, upande mmoja kulegea ghafla, kutapika kila asubuhi pamoja na kichwa kuuma, kuona giza. Vivyo hivyo kuharisha kusikokoma, kikohozi kikavu chenye kubanwa pumzi, au uchovu wa ajabu unaoambatana na kichwa kuuma, maana tibakinga inaweza kuwafanya askari wa mwili washambulie utumbo, mapafu, au tezi iliyo chini ya ubongo. Nenda Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao, popote palipo karibu, na kitu cha kwanza kumwambia wa zamu kiwe hiki: "Mgonjwa wangu yuko kwenye tibakinga ya saratani." Kisha mpe lile daftari.